Orodha Iliyoelemewa na Majina: Historia ya Vikoa vya Intaneti

Mwaka 1980, fundi aliyetaka kompyuta yake mpya itambulike kwa jina katika mtandao wa ARPANET uliotangulia intaneti alikuwa na ofisi moja tu ya kwenda, nayo ilikuwa Menlo Park, California. Alipiga simu au aliandika barua pepe, akataja jina alilolitaka pamoja na namba ya mashine, kisha akasubiri. Ofisi ilifuata saa za California, kwa hiyo aliyekuwa Boston, saa tatu mbele, alifika kazini wakati wenye orodha bado wamelala. Jina likishakubaliwa, liliandikwa katika faili iliyoitwa HOSTS.TXT. Kila kompyuta nyingine mtandaoni ilipaswa kuinakili faili hiyo upya ndipo imtambue mgeni. Ambayo haikunakili haikumjua.

Ukiuliza leo kwa nini intaneti inatumia majina, utajibiwa kwamba binadamu hawezi kukumbuka namba. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Majina yalikuwapo zaidi ya miaka 10 kabla ya mfumo wa vikoa kubuniwa, na namba hazikuondoka hata baada ya vikoa kuja. Mpaka saa hii hakuna kipande cha data kinachosafiri bila namba ya kinakotoka na namba ya kinakokwenda. Kilichobadilika ni jambo zito zaidi: nani ana haki ya kutoa jina, na watu wengine watalijuaje.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline, akiwa katika maabara ya Leonard Kleinrock kwenye Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijaribu kuingia katika kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, SRI, iliyokuwa zaidi ya kilomita 500 kaskazini. Alikusudia kuandika LOGIN. Herufi L ilifika, O ikafika, kisha mashine ya upande wa pili ikakwama. Hadi mwaka ule unaisha, mtandao ulikuwa na vituo 4: Los Angeles namba 1, SRI namba 2, Santa Barbara namba 3 na Utah namba 4. Wahandisi wote wa vituo hivyo walijuana kwa sura. Aliyetaka kompyuta ya Utah aliandika 4, na mambo yakaisha.

Namba hizo hazikufanana na anwani za leo. Zilibebwa na biti 8 tu, sehemu moja ikitaja kituo na sehemu ya pili ikitaja kompyuta iliyounganishwa na kituo hicho, kwa kuwa kituo kimoja kiliweza kuhudumia kompyuta 4. Kufikia Aprili 1971 kompyuta zilikuwa 23, na kila chuo kilikuwa kimeanza kuzipa za wenzake majina ya kwake. Mashine moja ikawa na jina hili Utah na jina lile Boston. Programu iliyoandikwa chuo kimoja haikuelewa majina yaliyozoeleka chuo kingine, na mtumiaji aliyehama alijifunza upya.

Aliyeliona hilo mapema na kulisemea ni Peggy Karp wa shirika la MITRE. Septemba 1971 alitoa waraka katika mfululizo wa RFC, nyaraka ambazo wahandisi wa ARPANET walizitumia kupeana mawazo, kukosoana na hatimaye kukubaliana. Karp alipendekeza orodha moja ya majina mafupi itakayotumiwa na vituo vyote. Kwa maneno mengine, miaka 2 tu baada ya ujumbe wa kwanza, na miaka 12 kabla ya vikoa, tayari jina lilikuwa limeshika nafasi yake mbele ya namba. Orodha yake hata hivyo ilikuwa ya kusomwa na watu. Kila kituo kiliendelea kuchapa nakala yake kwa mkono, na nakala hizo zilichakaa. Desemba 1973, L. Peter Deutsch wa maabara ya Xerox, Palo Alto, alilalamika kwa maandishi kwamba ni upuuzi kila kituo kutunza orodha yake iliyopitwa na wakati. Akaitaka SRI iweke orodha moja rasmi, katika muundo unaoweza kusomwa na mashine. Januari 1974 SRI ikajibu kwamba itafanya hivyo.

Kazi hiyo ikamwangukia Elizabeth Feinler, ambaye wenzake walimwita Jake. Alizaliwa West Virginia mwaka 1931, akasoma kemia, na kabla ya kuja California alikuwa amefanya kazi Columbus, Ohio, katika shirika linalotunza fahirisi za machapisho ya kemia duniani. Naona mahali alikotoka panaeleza mengi kuhusu alichokuja kufanya. Mkemia wa fahirisi anajua kwamba kitu kimoja kikiwa na majina matatu kitapotea, na vitu viwili vikiwa na jina moja vitaleta hatari. Mwaka 1972 alijiunga na kundi la Douglas Engelbart, yule aliyeonyesha kipanya cha kompyuta hadharani mwaka 1968, na kazi aliyopewa kwanza ilikuwa kuandaa kitabu cha mwongozo kinachoeleza kila kituo cha ARPANET kina nini na nani anahusika. Baadaye akawa mkuu wa Kituo cha Habari za Mtandao, NIC, ile ofisi ya Menlo Park, hadi mwaka 1989.

Kituo hicho ndicho kilichokuwa kumbukumbu ya mtandao mzima. Aliyetafuta waraka aliuliza NIC. Aliyetafuta anwani ya mtu aliuliza NIC, na kutokana na maswali hayo kituo kikatengeneza huduma ya WHOIS, ambayo kwa miongo kadhaa ilitumika kuuliza mwenye jina ni nani. Na aliyetaka jina la mashine alikwenda hapohapo. Feinler na wenzake, akiwemo Mary Stahl na Ken Harrenstien, waliweka kanuni: jina lisizidi herufi 24, liwe na herufi za Kilatini, tarakimu na kistari, wala kusiwe na tofauti kati ya herufi kubwa na ndogo. Wakikuta jina limekwisha kuchukuliwa, walimwambia mwombaji achague lingine. Namba kwa upande wake zilitunzwa na Jon Postel, kijana mwenye ndevu ndefu aliyesoma Los Angeles na ambaye mwaka 1972 alijitolea mwenyewe kugawa na kusajili namba za mtandao ili zisigongane. Tangu 1977 Postel alikuwa katika Taasisi ya Sayansi ya Habari, ISI, huko Marina del Rey, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Kwa hiyo majina yalikaa kwa Feinler na namba zikakaa kwa Postel, na watu hawa wawili, bila cheo cha kutisha wala sheria ya bunge, waliaminiwa na wote.

Utaratibu huo ulifaa maadamu mtandao ulikua polepole. Juni 1974 kompyuta zilikuwa 62. Machi 1977 zilikuwa 111. Agosti 1981 zilifika 213, idadi ambayo ofisi moja ingeweza kuimudu. Miaka 2 baadaye, Agosti 1983, zilikuwa 562, na Oktoba 1984 zikawa 1,024. Sababu ya kasi hiyo ilikuwa vyumbani mwa wafanyakazi. Zamani kompyuta moja kubwa ilihudumia watu mia. Sasa kila mtafiti alianza kupata mashine mezani pake, zikiunganishwa na waya wa ndani ya jengo, na kila mashine ilidai jina.

Hapo hesabu ikawakimbia. Kila kompyuta mpya iliongeza mstari mmoja katika faili, lakini pia iliongeza mnakili mmoja wa faili hiyo. Kwa hiyo kompyuta zikiongezeka mara 10, mzigo wa kunakili uliongezeka mara 100. Mashine ya Menlo Park iliyotoa nakala ililemewa. Kosa moja la kuandika katika faili lilisambaa nchi nzima kabla halijaonekana. Majina mazuri yaliisha, kwa kuwa jina lililochukuliwa na maabara moja Massachusetts halikuweza kutumika tena Texas, hata kama maabara hizo hazikuwa na uhusiano wowote. Pia fundi aliyehamisha kompyuta kutoka chumba kimoja kwenda kingine, ikabadilika namba, alipaswa kuomba ofisi iliyo mbali naye iandike badiliko ambalo halikumhusu mtu mwingine yeyote.

Feinler hakuwa mzembe, wala watu wake hawakuwa wachache wa bidii. Hata wangeongezwa mara tano wasingeokoa mfumo ambao unamlazimu kila mtu kujua kila kitu. Ndiyo maana nakataa simulizi zinazoitaja HOSTS.TXT kama ujinga wa enzi za kale. Faili hiyo iliubeba mtandao kwa zaidi ya muongo mmoja, na kanuni zake za majina zilihamia moja kwa moja katika mfumo uliofuata.

Msukumo wa kubadilika ulitoka kwenye barua pepe. Tangu mwaka 1971, Ray Tomlinson alipochagua alama ya @, anwani ya barua ilikuwa jina la mtu, alama hiyo, na jina la kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mitandao mingine ilikuwa imezuka pembeni ya ARPANET, na watu wake walitaka kuandikiana. Septemba 1981 David Mills alichapisha waraka akipendekeza majina yagawanywe katika maeneo. Tarehe 11 Januari 1982 wahandisi wa barua pepe walikutana Marina del Rey, na Postel akaandika kumbukumbu za kikao. Walikubaliana kwamba baada ya jina la kompyuta iwekwe nukta, kisha jina la eneo lake, na kwamba maeneo hayo yaweze kuwa ndani ya maeneo mengine. Agosti mwaka huo Postel na Zaw-Sing Su waliandika kanuni hiyo kwa urefu. Nukta tunayoiandika leo bila kuifikiria ilipata kazi yake katika miezi hiyo michache.

Lakini makubaliano ya namna ya kuandika jina hayakueleza jinsi ya kulitafuta. Mapendekezo yalikuwa mengi na yalipingana. Postel akamwita Paul Mockapetris, mhandisi aliyezaliwa Boston mwaka 1948, aliyesomea fizikia na uhandisi wa umeme MIT na aliyekuwa ametoka kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, kwa utafiti wa kompyuta zinazofanya kazi moja zikiwa mbali mbali. Alimkabidhi mapendekezo matano akamtaka atafute suluhu ya katikati. Mockapetris amesimulia mara nyingi kwamba aliyaweka kando yote akabuni la kwake. Katikati ya 1983 mfumo ulijaribiwa, na Novemba 1983 ukachapishwa katika nyaraka mbili, RFC 882 na 883. Programu ya kwanza iliyouendesha aliiandika mwenyewe na kuiita Jeeves.

Uamuzi wake mkuu ulikuwa kutomkabidhi mtu yeyote orodha yote. Anayemtafuta ndugu katika kijiji asichokijua hahitaji daftari la watu wote wa Tanzania. Mkoa utamwelekeza wilaya, wilaya itamwelekeza kata, na mjumbe wa mtaa ndiye atakayemwonyesha mlango, kwa kuwa mjumbe peke yake ndiye anayejua nani amehama jana. Vikoa hufanya hivyo. Kompyuta ikitaka kujua namba ya www.udsm.ac.tz, huuliza kwanza seva za mzizi, ambazo hazijui lolote kuhusu chuo hicho ila zinajua ni nani anayetunza .tz. Hao nao huelekeza kwa anayetunza sehemu inayofuata, hadi kufikia seva ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, na hiyo ndiyo inayotoa namba. Jina husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kila nukta ni mahali ambapo mamlaka yamekabidhiwa kwa mtu mwingine. Chuo kikiamua kesho kuongeza kompyuta mia na kuzipa majina, hakimwombi mtu ruhusa, si Menlo Park wala Marina del Rey.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya muda. Kama kila swali lingepanda hadi kwenye mzizi, mzizi ungeelemewa kama Menlo Park ilivyoelemewa. Kwa hiyo kila jibu hutoka na muda wake wa kuishi, uliopangwa na mwenye jina: saa moja, siku moja, au zaidi. Seva iliyouliza hulihifadhi jibu mpaka muda uishe, na aliyeuliza baada yake hujibiwa papo hapo. Kanuni hii rahisi ndiyo imeuwezesha mfumo uliobuniwa kwa ajili ya mamia ya kompyuta kuhudumia mabilioni ya vifaa. Mwaka 1987 Mockapetris aliandika upya maelezo yake katika RFC 1034 na 1035, na nyaraka hizo mbili bado ndizo msingi.

Kufikia hapo namba zenyewe zilikuwa zimebadilika. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ilihamia kwenye itifaki za TCP/IP, na anwani zikawa za biti 32, zikiandikwa kwa namba nne zenye nukta katikati, kila moja kati ya 0 na 255. Baadaye mwaka huohuo jeshi lilitenga mtandao wake, MILNET, na mashine nyingi zikapewa namba mpya. Kompyuta ya NIC yenyewe ilipata kuwa na anwani mbili kwa pamoja, 10.0.0.51 upande wa ARPANET na 26.0.0.73 upande wa jeshi. Hapa thamani ya jina inaonekana wazi kuliko katika hoja ya kukumbuka. Namba inaeleza mashine imechomekwa wapi, na mahali hapo panaweza kubadilika wiki yoyote. Jina linaeleza ni ya nani, na mwenye nalo anaweza kuhama nalo.

Lilibaki swali la kisiasa: maeneo ya juu kabisa yawe yapi? Oktoba 1984 Postel na Joyce Reynolds walitoa orodha katika RFC 920. Kulikuwa na .edu ya vyuo, .gov ya serikali, .mil ya jeshi, .com ya biashara na .org ya mashirika mengine, na muda mfupi baadaye ikaongezwa .net. Kisha waliweka kikoa cha herufi mbili kwa kila nchi. Postel alikataa kujitungia herufi hizo. Alichukua orodha iliyokwisha kutengenezwa na Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO 3166, na baadaye, mwaka 1994, aliandika wazi kwamba si kazi ya ofisi yake kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Ninauhesabu uamuzi huo kuwa wa busara kuliko yote aliyofanya. Mhandisi mmoja aliyekaa ufukweni California angeweza kujikuta akiamua migogoro ya mipaka ya mataifa, naye akaukwepa mtego huo kwa kutegemea orodha ambayo haikutungwa kwa ajili ya intaneti.

Usajili ulianza taratibu. Tarehe 15 Machi 1985 kampuni ya Symbolics, iliyotengeneza kompyuta za utafiti wa akili mnemba huko Massachusetts, ilisajili symbolics.com, jina la kwanza katika .com. Mwaka ule mzima .com ilipata majina 6 tu. Huko Berkeley wanafunzi wanne wa uzamili, Douglas Terry, Mark Painter, David Riggle na Songnian Zhou, waliandika programu ya seva ya majina iitwayo BIND kwa ajili ya mfumo endeshi wa Unix. Ilitolewa pamoja na Unix ya Berkeley, na vyuo vilivyoitumia Unix hiyo vikapata vikoa bila gharama ya ziada.

Wengine hawakukubali upesi. Mtandao wa UUCP, uliounganisha kompyuta za Unix kwa simu, ulikuwa na anwani zilizotaja njia nzima: mwandishi aliorodhesha kila mashine ambayo barua yake ingepitia, ikitenganishwa na alama ya mshangao, na mashine moja ya katikati ikizimwa barua ilipotea. Mapema 1986 wawakilishi wa mitandao mikubwa walikutana SRI wakakubali kutumia majina ya vikoa, na kuanzia hapo mtu aliweza kuandika anakopeleka barua bila kujua itapita wapi. Vyuo vya Uingereza vilikuwa vimejenga mfumo wao ulioandika majina kuanzia kubwa kwenda dogo, UK kwanza, kinyume na Wamarekani, na kwa miaka kadhaa mashine za mpakani zilipaswa kugeuza anwani. MILNET ya jeshi iling'ang'ania faili ya zamani hadi mwishoni mwa muongo. Hata hivyo takwimu zilikuwa zimekwisha kuamua: kompyuta zilizohesabiwa 5,089 Novemba 1986 zilikuwa zaidi ya 28,000 Desemba 1987, na 159,000 Oktoba 1989. Hakuna faili moja ambayo ingeweza kuzibeba.

Miaka ya 1990 ilileta pesa na ugomvi. Kazi ya kusajili ilipewa kampuni ya Network Solutions, na kuanzia Septemba 1995 jina lililokuwa bure likaanza kulipiwa dola 50 kwa mwaka. Januari 1998 Postel aliwaomba waendeshaji 8 wa seva za mzizi wachukue orodha kutoka kwenye mashine yake badala ya ile ya Network Solutions. Walimtii. Serikali ya Marekani ilishtuka, na baada ya siku chache akarudisha mambo yalivyokuwa. Tarehe 30 Septemba mwaka huo iliundwa ICANN ili ichukue usimamizi wa majina na namba. Wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 16 Oktoba, Postel alifariki akiwa na umri wa miaka 55.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia njia ya namba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti yenyewe haijafika, mashirika na watafiti wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala walitumiana barua kwa FidoNet, mtandao wa kompyuta ndogo zilizopigiana simu usiku na kubadilishana mafurushi ya barua. Anwani za FidoNet zilikuwa namba tupu, kanda ya Afrika ikiwa namba 5. Barua za kwenda intaneti zilipitia London, kwenye kompyuta za GreenNet, ambako Karen Banks alisimamia lango. Aliyemwandikia mtu wa Nairobi kutoka nje alipaswa kuandika namba zile zile zikiwa zimevikwa nukta ndani ya kikoa cha fidonet.org, kwanza kituo, kisha wilaya ya mtandao, kisha z5. Jina la nchi halikuwamo.

Kikoa cha .ke kiliandikishwa mwaka 1993, .tz na .ug mwaka 1995, .rw na .bi mwaka 1996. Kuandikishwa hakukuwa sawa na kuwa navyo mkononi. Seva zilihitaji umeme na laini zisizokatika, na msaada wa kiufundi wa .ke ulitoka kwa Randy Bush, mhandisi wa Marekani aliyezisaidia nchi nyingi za Afrika kuanza. Kenya ilikabidhi kikoa chake kwa KENIC mwishoni mwa 2002. Kikoa cha .tz kilitunzwa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2006 ikaundwa tzNIC ili kiwe na chombo chake. Rwanda ilisubiri hadi 2012 ndipo .rw ikaja kwa RICTA ya Kigali kutoka kwa mwendeshaji aliyekuwa nje ya nchi. Lile wazo la Mockapetris la kukabidhi mamlaka kwa aliye karibu lilichukua karibu miaka 30 kutimia Kigali.

Kongo inaonyesha jinsi jina linavyofuata siasa. Nchi hiyo ilikuwa kwenye orodha ya ISO kama ZR, kifupi cha Zaire. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent Kabila, mengi yakitoka mashariki na kuzungumza Kiswahili, yaliingia Kinshasa, na Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Orodha ya ISO ikaandika CD, na Agosti mwaka huohuo .cd ikafunguliwa. Kilichokuwa chini ya .zr kilipewa muda wa kuhama, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kwenye mzizi. Mabadiliko yote hayo hayakuhitaji mhandisi yeyote kuamua nani anatawala Kinshasa.

Faili ya hosts yenyewe haikufa. Imo ndani ya kila kompyuta ya Windows, Linux na Mac, na mashine nyingi huiangalia kabla ya kuuliza seva yoyote. Fundi anaweza kuandika humo jina na namba kama walivyofanya Menlo Park. Feinler alipoondoka SRI alihifadhi mamia ya masanduku ya makaratasi ya NIC, akayakabidhi kwa Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta huko Mountain View, na katika kustaafu kwake alijitolea kuyapanga. Ndiyo maana tunaweza kujua mwaka fulani kulikuwa na kompyuta ngapi na nani aliomba jina gani.

Yetu hatujayapanga. Watu waliokesha Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wakisubiri simu ya London iunganike, walioandika maombi ya .ke, .tz na .ug na kufunga seva za kwanza, wengi wao bado tunao. Barua zao, madaftari yao na diski zao zimo kwenye makabati ya ofisi na vyumba vya nyumbani, na unyevu unazila. Ninawaomba waandike walichokiona, na ninaziomba maktaba za vyuo vikuu vyetu zichukue makaratasi hayo sasa, wakati wenyewe wapo wa kueleza kila karatasi inahusu nini.